Kijiko Kije Mwisho: Mwongozo wa Kufufua Lambo la Zamani

Ukizunguka vijiji vya Kishapu, Shinyanga Vijijini na Kahama, kisha ukavuka kuingia Geita, hutakosa kuona tuta refu la udongo limekinga bonde, na nyuma yake maji. Malambo haya yana umri. Baadhi yalichimbwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Usukuma wa mwaka 1947 hadi 1956, serikali ya kikoloni ilipotaka watu na ng'ombe watawanyike kutoka maeneo yaliyojaa, wengine wahamie Geita. Na mfugaji hahamii pasipo na maji. Mengine yalifuata baada ya uhuru. Bomba la Ziwa Victoria kutoka Ihelele, lililoanza kuhudumia Kahama na Shinyanga mwaka 2009, limepunguza sana shida ya maji ya kunywa mijini na katika vijiji linakopita. Hata hivyo ng'ombe bado ananyweshwa lamboni, nguo bado zinafuliwa hapo, na mtoto anayetaka kuogelea hana pengine pa kwenda.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyechaguliwa kuingia kwenye kamati ya lambo, au mwenyekiti wa kijiji ambaye kila Septemba unaulizwa kwa nini maji yamekwisha mapema kuliko mwaka jana. Kwa kawaida jibu la mkutano huwa moja: tuchangishane, tukodi mtambo wa kijiko, tufukue. Mimi napinga kuanzia hapo. Kijiko kikija kabla ya bonde na utoro (njia ya maji ya ziada) kushughulikiwa, fedha ya kijiji inazikwa kwenye tope ambalo litarudi ndani ya misimu michache. Fuata mpangilio huu: kwanza bonde la juu, pili utoro, tatu tuta, na kijiko kije mwisho.

Lakini anza kwa kupima. Huhitaji chombo cha gharama. Lambo likiwa limejaa, pima upana wa maji pale kwenye tuta, pima urefu wa maji kutoka tuta hadi yanapoishia juu bondeni, kisha pima kina kikubwa kwa mti mrefu uliowekewa alama za nusu mita. Zidisha vitatu hivyo, gawanya kwa sita. Hayo ndiyo makadirio ya ujazo kwa lambo la bondeni. Tuseme upana ni mita 80, urefu mita 150 na kina mita 3: unapata mita za ujazo 6,000.

Sasa hesabu watumiaji. Ng'ombe wetu wa asili mmoja hunywa lita 25 hadi 40 kwa siku kutegemea joto na majani anayokula. Ng'ombe 500 kwa lita 30 ni mita za ujazo 15 kwa siku, na kwa kiangazi cha miezi sita ni 2,700. Utasema maji yanatosha na kubaki. Hayatoshi, maana mnywaji mkubwa ni jua. Katika ukanda wa Shinyanga lambo lililo wazi hupoteza karibu mita 2 za kina kwa mwaka kwa mvuke, na katika kiangazi peke yake karibu mita 1. Na kwa kuwa lambo ni pana juu na jembamba chini, mita hiyo ya juu ndiyo yenye maji mengi: lambo letu la mita 3 likipungua hadi mita 2, linabakiwa na mita za ujazo 1,800 hivi kati ya 6,000. Ng'ombe wanadai 2,700. Ndiyo sababu linakauka.

Tazama pia kinachotokea tope likijaa mita moja. Kina kinakuwa mita 2, ujazo 4,000, na jua likishachukua mita yake kinabaki kidimbwi cha mita za ujazo 500. Ukichimba mita moja kwenda chini badala yake, kina kinakuwa mita 4, ujazo 8,000, na baada ya jua kuchukua sehemu yake zinabaki zaidi ya 3,300. Ng'ombe wale wale 500 wanavuka kiangazi. Kwa hiyo atakayekuja na ushauri wa kupanua lambo ili lionekane kubwa, mkatalie. Upana unalilisha jua. Ongezeni kina.

Sasa twende bondeni. Tope halizaliwi lamboni. Linatoka kwenye mashamba ya luseni, yaani udongo wa kichanga, yaliyolimwa kufuata mteremko, kwenye njia za ng'ombe zilizogeuka makorongo, na kwenye vilima vilivyokatwa miti yote. Tembeeni na kamati siku ya mvua, ndiyo, siku ya mvua yenyewe, mkaone maji mekundu yanaingilia wapi. Mtakuta sehemu mbili au tatu tu ndizo zinazoleta tope kubwa. Hapo ndipo pa kuweka nguvu: vizuizi vya mawe vya kimo cha goti ndani ya korongo, mistari ya katani kukata mteremko, na ukanda wa majani usiolimwa kuzunguka lambo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kamati isione haya kuitaja mkutanoni hata kama anayelima ndani ya mita hizo ni mjumbe mwenzenu. Pale mto unapoingia lamboni chimbeni dimbwi dogo la kunasia tope. Kulisafisha dimbwi hilo kwa majembe kila mwaka ni kazi ya siku chache. Kulifukua lambo zima ni kazi ya mitambo.

Na kwa bonde zima, Shinyanga hatuna haja ya kwenda kujifunza ng'ambo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifanya kazi kubwa kwa kurudisha desturi ya wenyewe: ngitili, malisho yanayofungwa msimu wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikiuma. Ardhi iliyokuwa imeanza kuitwa jangwa ilirudi kuwa na majani na miti. Ngitili ikiwa juu ya lambo inafanya kazi mbili, inalisha ng'ombe na inachuja maji. Kama kijiji chenu kina ngitili ya pamoja na mnafikiria kuigawa viwanja, nawasihi mwangalie kwanza iko upande gani wa lambo.

Utoro ndio mahali malambo mengi yanapofia. Utoro ni ile njia pembeni ya tuta inayotoa maji ya ziada lambo likijaa. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake; yakipita kwa saa chache tu yanalikata hadi chini na maji yote yanaondoka usiku mmoja, pamoja na mashamba ya walio chini. Ajabu ni kwamba mara nyingi ni sisi wenyewe tunaoziba utoro. Mtu anaweka mifuko ya mchanga ili maji yaongezeke. Mwingine anaweka uzio wa fito kuzuia kambare na perege wasitoroke, mvua inaleta takataka, uzio unageuka ukuta. Mwingine analima viazi ndani ya utoro kwa kuwa una unyevu.

Kila Oktoba, kabla ya mvua za Novemba, simameni kwenye utoro na mjiulize mambo matatu. Je, uko wazi kwa upana wote uliochimbwa? Je, sakafu yake iko chini ya kilele cha tuta kwa mita moja au zaidi, popote pale tuta lilipo chini kabisa? Je, maji yakitoka yanaelekea mbali, au yanazunguka kuja kula mguu wa tuta? Ili kupata jibu la swali la pili tumieni mpira wa maji unaoonyesha ndani: ujazeni maji, ncha moja ishikwe kwenye utoro na nyingine kwenye tuta, na usawa wa maji utawaambia. Mafundi wa nyumba wanaijua njia hii. Sakafu ya utoro isiwe udongo mtupu. Panda ukoka, na pale maji yanapoporomoka panga mawe makubwa yaliyobanana. Kama kijiji kina fedha ya kazi moja tu mwaka huu, itie kwenye utoro.

Tuta linasomwa kwa miguu. Pita juu ya kilele kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha rudi ukipita chini, upande wa nje, polepole. Juu unatafuta pale palipobonyea, na mara nyingi ni pale ng'ombe wamezoea kuvukia. Unatafuta nyufa pia. Ufa unaokwenda sambamba na tuta unahitaji kufuatiliwa. Ufa unaolikata tuta kutoka upande wa maji kwenda nje ni wa kushughulikia kabla mvua haijanyesha, kwa kuuchimbua hadi unapoishia na kuujaza upya kwa udongo wenye unyevu, tabaka kwa tabaka. Udongo mweusi wa mbuga ndio mwenye tabia hii: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Unashika maji vizuri, lakini tuta lililojengwa kwa huo peke yake litapasuka kila kiangazi. Uchanganye na udongo wa kichanga kidogo, au ufunike mgongo wa tuta kwa changarawe na majani.

Utaujuaje udongo unaofaa? Chukua konzi, ondoa vijiwe, lowesha kidogo, ukande kama unga wa ugali. Viringisha hadi upate kijiti chembamba kama penseli. Kikikatika mara moja, kichanga kimezidi. Kikikunjika hadi kuwa pete bila ufa wowote, huo ni mfinyanzi mkali na utapasuka ukikauka. Unaoutaka uko katikati: kijiti kinasimama, na ukikikunja kinaanza kupasuka kidogo. Kisha shindilia kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, si zaidi. Rola ya kushindilia ikikosekana, kundi la ng'ombe likipitishwa mara nyingi juu ya kila tabaka linafanya kazi inayokubalika. Udongo uwe na unyevu. Mkavu haushiki hata ukikanyagwa siku nzima.

Ukiwa upande wa nje chini ya tuta, tazama pale penye majani mabichi kiangazi. Hapo maji yanapenya. Maji safi yanayochuruzika polepole, kiasi kile kile mwaka hata mwaka, si balaa. Weka mambo mawili tu kwenye daftari, mahali yalipo na yanajaza ndoo kwa dakika ngapi. Maji yakianza kuwa na rangi ya udongo, hiyo ni dharura, kwa sababu tuta linabebwa kutoka ndani. Kosa ambalo watu hufanya kwa nia njema ni kuziba tundu kwa udongo au mfuko. Maji yatatafuta njia nyingine, na presha itaongezeka. Weka mchanga mkubwa juu ya mahali yanapotokea, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yatoke lakini udongo ubaki. Wakati huohuo punguzeni maji kwa pampu au kwa kushusha sakafu ya utoro kwa uangalifu, wahamisheni walio chini ya tuta, na pigeni simu wilayani siku hiyohiyo.

Miti juu ya tuta isiwepo. Inapendeza, ina kivuli, wazee wanaipenda, lakini mzizi ukifa unaacha bomba ndani ya tuta. Mche mdogo ung'oe sasa. Mti mkubwa uukate kiangazi maji yakiwa chini, uchimbe kisiki, ujaze na kushindilia. Mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa yafanyiwe vivyo hivyo. Asidhani mtu kwamba tahadhari hizi ni za malambo ya kijiji tu: tarehe 7 Novemba 2022 tuta la bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, mgodi wenye wahandisi na mitambo yake, lilipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi ya jirani.

Bonde, utoro na tuta vikishakaa sawa, hapo ndipo kijiko kinaitwa. Muda wake ni Septemba na Oktoba, lambo likiwa limekauka au limebaki kidogo katikati. Kabla ya mtambo kuingia, chimbeni mashimo ya majaribio kwa majembe ili mjue tope jipya linaishia wapi na sakafu ya asili ya mfinyanzi inaanzia wapi. Dereva anayelipwa kwa saa hatajali akiitoboa sakafu hiyo, na ikitobolewa mkafika kwenye mchanga, lambo litavuja milele. Mjumbe mmoja asimame pale muda wote mtambo unapofanya kazi. Msichimbe karibu na mguu wa tuta. Tope linalotoka lipelekwe mashambani, hasa kwenye luseni, ambako linaongeza rutuba na kushika unyevu. Lisirundikwe kandokando, maana mvua ya kwanza italirudisha.

Kwa upande wa Geita kuna jambo la kutangulia hata hayo. Ukiwa Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu au kijiji chochote chenye maduara (mashimo ya dhahabu) na makarasha (mashine za kusagia mawe), usichimbue tope wala kulisambaza kabla halijapimwa. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu haipotei. Inashuka kwenye matope, vijidudu vya matope vinaigeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo inapanda hadi kwenye samaki. Kuchemsha maji hakuiondoi, wala dawa ya klorini. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hautamhamisha mwenye mwalo anayeoshea juu ya lambo lenu. Sheria ndogo ya kijiji na msimamo wa kamati ndivyo vitakavyomhamisha. Pelekeni sampuli ya maji na ya tope kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa, Mwanza. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, yasitumike kamwe kujenga au kukarabati tuta, hata yakitolewa bure. Na shimo la mgodi lililojaa maji ya mvua si lambo. Kuta zake zimesimama wima na zinaporomoka. Lifukiwe au lizungushiwe uzio, wala mtoto asizoeshwe kuchota humo.

Lambo likishapona, ng'ombe wasiingie tena majini. Wekeni bomba kutoka lamboni hadi kwenye mbauti (birika la kunyweshea) chini ya tuta, na wanaochota wapate kisima chao pembeni kinachopokea maji yaliyopita kwenye mchanga na kokoto. Uzio wa katani au minyaa unafaa, ila minyaa ikae mbali na ukingo, maana utomvu wake unaunguza macho na unaua samaki.

Kichocho kinastahili kusemwa bila kuzunguka. Katika malambo ya Shinyanga kichocho cha mkojo kinabebwa na konokono wadogo wanaoishi kwenye magugu ya ukingoni. Lambo kukauka hakuwamalizi, kwa kuwa baadhi hujifukia kwenye matope na kusubiri mvua kwa miezi. Ng'oeni magugu mara kwa mara mkiwa na buti na glavu. Jengeni choo chini ya tuta na sehemu ya kufulia na kuogea yenye sakafu ya saruji, ili watu wachote badala ya kuingia. Maji yaliyochotwa bila konokono na kukaa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili hayaambukizi tena kichocho kwa kuoga, ingawa kwa kunywa bado yachemshwe. Mtoto anayekojoa damu apelekwe zahanati akapate praziquantel. Ule si ukubwa unaingia, ni ugonjwa.

Watoto wataogelea. Kamati zinazopiga marufuku kisha zikalala zinawafanya waogelee kwa kujificha, mahali pabaya, bila mtu mzima. Chagueni upande mmoja wenye mteremko mlaini, mweke nguzo zinazoonyesha kina cha kiuno kinapoishia, na kamba yenye madumu matupu kuvuka mahali hapo. Kando pawe na mti mrefu na dumu la lita 20 lililofungwa kifuniko na kamba ndefu. Dumu hilo linamwelesha mtu mzima. Wafundisheni watoto kwamba mwenzao akizama wanarusha dumu na kupiga kelele, hawamfuati majini. Zingatieni sana mvua za kwanza baada ya kufukua, maana watoto wanaijua sakafu ya zamani, na pale walipozoea kusimama sasa pana mita 3. Mwalimu mkuu atangaze hilo kwenye gwaride la asubuhi kabla lambo halijajaa.

Kwa upande wa karatasi, nitapita haraka. Sajilini jumuiya ya watumia maji kwenye bodi ya bonde lenu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009: maji yakielekea ziwani ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yakielekea Manonga na Wembere ni Bonde la Kati. Ombeni kibali kwao kabla ya kubadili tuta au utoro. RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani wana wataalamu wa kupima. Sheria ndogo ipite mkutano mkuu wa kijiji kisha halmashauri ya wilaya, vinginevyo faini yenu haina nguvu. Kwa fedha, TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, huingiza malambo kwenye ajira za muda, na tangu mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 migodi inatakiwa kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango wake wa kuchangia jamii. Diwani wenu ahakikishe lambo limo humo kwa jina. Mchango wa kila ng'ombe ukusanywe kwa stakabadhi, wakati wafugaji wana fedha baada ya mnada, si wakati lambo limekauka. Na mwenye ng'ombe 200 alipe zaidi ya mwenye watano.

Daftari la lambo liwe moja, likae kwa katibu, na kila mwezi liandikwe kina cha maji kwenye mti wenye alama. Miaka mitatu ya daftari hilo itamshawishi mhandisi wa wilaya kuliko barua kumi za malalamiko. Kama lambo lenu halina daftari, nunueni leo, na ukurasa wa kwanza uandikwe hali ya utoro. Mkutane hapo utoroni kabla Novemba haijaingia, mje na majembe.